Halibebeki

Baba yangu alikuwa kuli. Kwa zaidi ya miaka 20 alipakia na kushusha mahindi kwenye maghala ya Kizota, upande wa magharibi wa mji wa Dodoma, ukiishika Barabara ya Singida. Nimemsikia akilalamikia ujira, mgongo, jua na wasimamizi, lakini sikumbuki hata siku moja akisema "siwezi" mbele ya gunia. Likija lile la lumbesa, limeshindiliwa na kuvalishwa kilemba juu mpaka kamba zinakaribia kukatika, alilizunguka mara moja, akaligonga ubavuni kwa kiganja, akatoa hukumu: "Hili halibebeki." Wenzake walijua la kufanya. Ama wawili walikamate ncha na ncha, ama mwenye mali aambiwe alipunguze.

Utotoni sikuona jambo hapo. Nimekuja kuliona nikiwa mtu mzima mwenye chaki mkononi, Kizota ileile, mbele ya watoto wa majirani waliokuja kusoma Kiingereza cha kujiandaa na kidato cha kwanza. Tulikuwa tumekwama kwenye "can".

Wa mbali wanaijua Kizota kwa mikutano ya CCM. Mkutano mkuu wa Novemba 2012, kwa mfano, ulifanyika kwenye ukumbi wa hapa. Wengine wanaijua kwa akiba ya chakula ya taifa. Sisi tuliokulia humo tunaijua kwanza kwa pua. Mavuno yakianza kuingia, malori yanapanga foleni, vumbi la mahindi linapanda na upepo mkavu wa Dodoma unalisambaza kila nyumba. Ukilala unaamka nalo kwenye nyusi.

Nilimaliza darasa la saba 1993. Utaratibu wa wakati ule ndio watoto wengi wa shule za serikali wanaoukuta hata leo: tangu 1967 shule ya msingi ni Kiswahili, ukivuka kwenda sekondari karibu kila kitu kinageuka Kiingereza, kuanzia fizikia hadi matangazo ya mstarini, kasoro somo la Kiswahili lenyewe. Katikati, baada ya mtihani wa darasa la saba mpaka Januari, kuna daraja la kamba liitwalo Ingilishi kosi. La kwetu lilikuwa banda la mabati nyuma ya mashine ya kusaga. Ikiwashwa, mwalimu alinyamaza akaendelea kwa vidole.

Siku ya "can" mashine haikuwashwa. Mwalimu aliandika ubaoni kwamba "can" ni kuweza, akatupa sentensi ya kutafsiri: ninaweza kubeba gunia. Darasa zima, bila kuangaliziana, tuliandika "I can to carry a bag." Alipita dawati kwa dawati akikata kwa wino mwekundu, mstari mmoja kwa kila daftari, huku akirudia, "Can haitaki to. Can haitaki to." Mwenzangu mmoja aliuliza haitaki kwa nini. Akajibiwa kwamba Kiingereza hakina kwa nini.

Hesabu yetu ilikuwa safi. "Carry" ni beba, "to carry" ni kubeba, na hakuna Mswahili asemaye "ninaweza beba" mbele ya watu wanaomheshimu. Ile ku- ni mali ya kitenzi cha pili. Ukiing'oa sentensi inachechemea. Wagogo tuliokuwa humo tulikuwa na ku- nyingine nyumbani, kwenye Kigogo chetu, ikifanya kazi ileile. Lugha mbili zilitushuhudia kwamba tuko sahihi. Tulikosa mtu mmoja tu wa kutuambia kwamba tumekutana na kitenzi ambacho ndugu yake huja uchi, bila hata ku-, na kwamba ulemavu ni wa "can" wala si wa vichwa vyetu.

Miaka miwili baadaye "can" ilinitia aibu ya pili. Nilikuwa kidato cha pili kwenye shule moja ya kutwa, na mlangoni kwa ofisi ya walimu palibandikwa karatasi iliyokuwa imeenea shule nyingi: "No English, No Service." Huna Kiingereza, huhudumiwi. Asubuhi moja Baba alikuwa amelala na homa, na mama yangu, mzaliwa wa Pangani ambaye Dodoma haikumbadilisha ulimi, alinituma nikaombe ruhusa ya kurudi mapema. "Kamwambie mwalimu wako baba hawezi." Kwa mtu wa pwani hilo linatosha. Hawezi maana yake anaumwa. Haulizwi hawezi nini, kwa sababu mwili ukigoma umegoma mambo yote.

Nilisimama chini ya ile karatasi nikasema, "My father can't."

"Can't what?" mwalimu akauliza.

Nikarudia. Akarudia. Walimu wengine wakainua macho kutoka kwenye madaftari. Nilijua "sick", neno la darasa la nne, lakini woga ulikuwa umelifungia nje, na mdomoni nilikuwa na sentensi ya mama tu. Nilirudi darasani bila ruhusa. Baba alinyweshwa uji na jirani.

Leo naweza kueleza kilichotokea kwenye ule mlango. Kiswahili kimempa kuweza uzima wote wa kitenzi. Anasimama peke yake. Anabeba shamirisho: mtoto huyu simwezi, kazi hii ninaiweza, wamenikomoa lakini nimewaweza. Anajirudia mwenyewe: huyu anajiweza, wale hawajiwezi. Anazaa kuwezana, kuwezesha, kuwezekana. "Can" hana hata kimoja cha hivyo. Hana umbo la "to can", hana wakati ujao, na ukimwongezea -ing unapata kazi ya kusindika nyanya kwenye makopo. Akisimama peke yake ni kwa kuegemea kitenzi kilichotajwa sasa hivi. Barack Obama alipoutembeza ule msemo wake wa "Yes we can" mwaka 2008, Marekani nzima ilikuwa inajaza yenyewe kitenzi kisichotamkwa. Sisi tulipotafsiri "Ndiyo, tunaweza" hatukuwa na pengo la kujaza.

Na "can" hakuzaliwa hivyo. Kwenye Kiingereza cha kale "can" ilikuwa na maana ya kujua, ni ukoo mmoja na "know", na iliweza kubeba shamirisho kama kitenzi chochote chenye afya: mtu alisema ana-can lugha fulani, yaani anaijua. Hilo nilipolikuta kitabuni, nikiwa mwalimu wa miaka kadhaa, nililiona la nyumbani kabisa. Kizota ukitaka kumwajiri dereva humuulizi kama anaweza kuendesha lori. Unamuuliza, "Unajua kuendesha?" Kuweza ni suala la nguvu na nafasi, ufundi ni suala la kujua. Mwingereza naye aliwahi kutofautisha hivyo, kisha akamtwisha "can" mizigo yote miwili, na ruhusa juu yake.

Sasa nije kwenye gunia lililonipa jina.

Mvua za El Niño za mwishoni mwa 1997 na mwanzoni mwa 1998 zilinikuta nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo. Barabara nyingi hazikupitika na mahindi yalifika yamechelewa, mengine yamelowa. Nilikuwa kibarua pamoja na Baba kwenye ghala la mfanyabiashara mmoja. Siku hiyo alikuja Mzungu kukagua unyevu. Aliyemleta aliachwa getini akihangaikia karatasi, na mimi, kwa kuwa nilikuwa na soksi za shule, nikaitwa nitafsiri.

Msimamizi wa ghala alikuwa mzee wa Kigogo, mpole, mwenye kofia ya sufu hata adhuhuri. Mzungu alimsalimu "Mbukwa", amefundishwa na mtu, na mzee akafurahi sana. Kisha Mzungu akaonyesha gunia moja katikati ya rundo, chini kidogo, kitambaa chake kimepiga weusi. Akamwambia mzee, kwa upole, "Could you open that one, please?"

Kichwani nilikuwa na jedwali la shule: "can" sasa, "could" zamani. Nikageuka kwa mzee.

"Mzee, anauliza, uliweza kulifungua lile?"

Mzee akavua kofia. "Nililifungua lini?"

Sikumwelewa upesi. Ghalani kufungua gunia la mtu ni kesi. Wapo waliofukuzwa kwa kilo mbili.

"Mwambie," akasema, sauti imeshuka, "miaka 12 nipo hapa, sijatia mkono kwenye gunia la mtu."

Nikatafsiri nilivyoweza: "He says he could not."

Mzungu akashangaa. Kwake mzee alikuwa amekataa. Akatazama rundo, akatazama wabebaji, akauliza kama basi kuna mtu mwingine yeyote: "Could anybody open it?"

"Anauliza kama kuna mtu yeyote aliweza kulifungua."

"Ahaa," mzee akasema, "sasa tumekuwa kundi."

Makuli walikuwa wameanza kusogea. Baba alikuwa amekaa juu ya rundo, ngata bado kichwani. Alishuka bila kusema, akachukua bambo, ile nondo yenye mfereji na ncha kali, akalidunga lile gunia ubavuni. Mahindi yakateremka kwenye mfereji mpaka kiganjani mwa Mzungu. Mzungu akanusa, akang'ata punje moja, akashukuru. Mzee akavaa kofia yake.

"Huyo alikuwa anaomba," Baba akaniambia jioni. "Hukumwona uso?"

Kwa miezi mingi baada ya hapo niliitwa Kudi. "Kudi, njoo utafsiri," wakiona hata tangazo la dawa ya panya. Mzee wa ghala peke yake hakuniita hivyo. Aliniita mwanangu, na kila nilipompa shikamoo aliitikia kwa kuchelewa kidogo.

Kosa langu lilikuwa kuamini kwamba "could" ni saa. Mara nyingine ni saa kweli, lakini mbele ya ombi ni hatua moja ya kurudi nyuma, kama mtu anayegonga mlango kisha akasogea asije akaonekana anachungulia. Mwingereza huchukua wakati uliopita akautumia kuwa adabu. Sisi adabu tunaiweka kwingine: kwenye naomba, kwenye hebu, kwenye mzee wangu, na kwenye kitenzi chenyewe. Tafsiri sahihi ilikuwa "Mzee, anaomba utufungulie lile." Tazama lile tu- na ile -li- kabla ya -e, maana yake yote ni kwamba kazi inafanywa kwa ajili yetu. Mwingereza akitaka kulisema hilo atalitundika nje ya kitenzi, "for us", kama ndoo kwenye mpini wa baiskeli.

Nasema haya nikijua kwamba mambo yanabadilika. Siku hizi ukiingia mgahawa wa mjini Dodoma utasikia vijana wakisema, "Naweza kupata chai?" Ni Kiingereza kilichovaa kanga. Mama yangu angewajibu kwamba kuweza mnaweza, mna pesa?

Hiyo "could" ina jambo jingine lililonichukua muda zaidi, na walimu wengi wa ngazi yangu hulikwepa. Mtu akisema kwa Kiingereza kwamba jana "I could lift the bag", msikilizaji anabaki amening'inia: uliliinua au la? Kwa tendo moja lililofanikiwa siku moja, Mwingereza anataka "was able to" au "managed to". "Could" anaiachia uwezo wa siku zote za zamani. Nilipoteza masomo mengi nikieleza hivi kwa maneno makubwa, mpaka siku nilipomkumbuka Baba anavyosimulia. Akizungumzia ujana wake anasema, "Nilikuwa naweza kubeba kilo 100 bila ngata." Akizungumzia siku fulani anasema, "Lile la mwisho niliweza kulipandisha, jua limeshazama." Nilikuwa naweza, na niliweza. La kwanza ndilo "could", la pili ndilo "was able to". Tofauti tuliyokuwa tukiililia ilikuwa imelala sebuleni kwetu miaka yote. Kwenye kukanusha, "couldn't" inatosha pande zote mbili, na darasa hupumua.

Nilianza kufundisha rasmi baada ya chuo cha ualimu, na jioni nikafungua darasa langu la Ingilishi kosi, nyuma ya nyumba, chini ya mwarobaini. Makosa yaliyokuja yalikuwa yaleyale ya banda la mabati, pamoja na moja lililoenea Afrika Mashariki nzima, maofisini na bungeni: "I can be able to." Hilo nililipatia dawa barabarani. Kila daladala ina dereva wake, na kuna deiwaka anayeshika usukani dereva asipokuwepo. "Be able to" ni deiwaka wa "can". Kwa kuwa "can" haendi wakati ujao, deiwaka anaendesha: "will be able to". Kwa kuwa hafuati "to" wala "have", deiwaka anaendesha huko pia. Mkisema "can be able" mmewakalisha wote wawili kiti kimoja. Watoto walicheka, na tangu hapo mtu akikosea wenzake wanapiga honi.

Vihusishi havikuchekesha. "Able" anataka "to" na kitenzi kitupu. "Capable", jirani yake kabisa, anataka "of" na kitenzi chenye -ing. Hapo namkubalia yule mwalimu wa banda la mabati: hakuna kwa nini ya kumridhisha mtoto wa miaka 14. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika barua ya kuomba kazi nikajieleza kuwa "able of working". Sikujibiwa, na nakala bado ninayo.

Ila kosa lililonifundisha kuliko yote lilitoka kwa binti mmoja mwezi wa Juni. Juni na Julai asubuhi ya Dodoma inauma. Alifika amejifunga kanga mbili, meno yanagongana, nikamuuliza kwa Kiingereza ana nini. Akajibu, "Teacher, I can't this cold."

Baridi hii siiwezi. Alikuwa ametafsiri neno kwa neno, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko Kiingereza nilichotaka kumpa. Kwa sababu nilipaswa kumwambia nini? Kwamba "can" haigusi kitu moja kwa moja. Lazima iite kitenzi kiingie katikati, na kitenzi hicho mara nyingi huja na kihusishi chake mkononi. "I can't cope with this cold." Au "put up with", maneno matatu kwa kazi moja. Tukakaa tunahesabu ubaoni: siiwezi ni neno moja, lina mtu, lina kukanusha, lina kuweza na lina baridi yenyewe ndani yake. Kwa Kiingereza tulipata matano kabla hatujaitaja baridi. Binti akasema, "Sasa wao wakisikia baridi wanaanza kupanga maneno?"

Siku hiyo nilifuta ubao nikaandika: Nyumba hii haikaliki. Nikawaomba waiseme kwa Kiingereza. Wa kwanza alitoa "This house can't live", nyumba iliyokufa. Wa pili, aliyejua kauli ya kutendwa, akafika "This house can't be lived", akasimama hapo akijiona amemaliza. Nikamwambia bado neno moja. Alitafuta sana. Ni "in", na inakaa mwisho kabisa, baada ya kila kitu, kama kondakta anayekimbilia gari: "This house can't be lived in." Nyumba ndiyo sentensi inaizungumzia, imeshatajwa mwanzoni, lakini kile kihusishi chake hakiruhusiwi kubaki nyumbani.

"Sisi 'in' yetu iko wapi?" nikawauliza.

Kimya. Kisha kijana mmoja wa nyuma, mtoto wa fundi baiskeli, akasema kwamba ikitakiwa ataileta. Akasema: "Humu hamkaliki." Nikamwambia aendelee. "Hapa hapakaliki. Huku hakukaliki." Ndani, mahali penyewe, na pande zile kwa jumla, vyote vimehamia mbele ya kitenzi, m, pa na ku. Sikumfundisha mimi. Hata sikuwa nimewahi kuviona vimepangana hivyo.

Tuliendelea mpaka giza. Barabara haipitiki, mwandiko hausomeki, maji hayanyweki, mtu huyu haaminiki. Kwa kila kimoja Mwingereza anapanga foleni ya "can", "not", "be" na kitenzi, na kama kitenzi kina kihusishi kinafuata nyuma. Haki yake tuseme, naye ana njia fupi, ule mkia wa -able anaoufunga kwenye vitenzi. Lakini hata huo umewahi kuleta ugomvi. Karne ya 19 walikuwepo Waingereza waliolipinga neno "reliable", kwa hoja kwamba kitenzi ni "rely on", sasa hiyo "on" imekwenda wapi? Walitaka lifutwe. Halikufutwa. Linameza kihusishi chake kimyakimya kama "laughable" linavyomeza "at", wakati "can be relied on" bado linakitembeza hadharani. Niliposoma habari hiyo nilijisikia nina wenzangu.

Kwa nini hakuna mtu aliyetufundisha hivi? Tume ya elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari ihamie Kiswahili. Haikuhamia. Mwaka 1984 Waingereza wawili, Criper na Dodd, walichunguza wakakuta Kiingereza cha wanafunzi wetu hakitoshi hata kidogo kufundishia masomo mengine. Sera ya elimu ya 2014 ikaifungulia tena mlango lugha ya Kiswahili, na kwa sehemu kubwa mlango ukabaki wazi bila mtu kupita. Ninayo maoni yangu juu ya lugha ya kufundishia na majirani wameyachoka. Ninachoshangaa ni kidogo zaidi: hata somo la Kiingereza lenyewe lilifundishwa kana kwamba tumekuja darasani bila lugha. Ile karatasi ya mlangoni ilimzuia mtoto, na ilizuia pia kila alichokuwa akikijua kuhusu vitenzi tangu ana miaka miwili.

Baba sasa ni mzee. Magoti yameisha, na anashinda barazani kwenye kiti cha kamba, akihesabu malori kwa mlio. Binti yangu yuko darasa la sita kwenye shule inayofundisha kwa Kiingereza, na wiki iliyopita alipewa kazi ya kumhoji mtu mzima kuhusu kazi yake ya zamani na kuandika majibu kwa Kiingereza. Alikaa mkekani, daftari kwenye paja. Mimi nilikuwa ndani, dirisha wazi.

Babu yake alimsimulia kuhusu lumbesa moja, nafikiri ya mwaka ule wa El Niño, mahindi yamelowa, uzito umepanda. Alilizunguka, akaligonga, akasema halibebeki.

Kalamu ikasimama. "Babu, hapo niandike 'I can't carry it' au 'It can't be carried'?"

"Sijui Kizungu, mjukuu wangu. Vina tofauti?"

"La kwanza ni wewe hukuweza."

"Nani kasema mimi sikuweza?" Kiti kikalia. "Nimesema halibebeki."

"Kwa hiyo hukulibeba?"

"Nililibeba," Babu akasema. "Mwenye mali alikuwa na haraka."

Binti yangu alikaa kimya kidogo, kisha nikasikia anageuza ukurasa mpya.